Mgeni wa Siku ya Tatu

Nimerudi kwa shangazi Hermancia na mfuko wa udongo wake,
udongo nilioutoboa mwenyewe mwezi wa Februari
nyuma ya banda la kuku, hatua kumi na mbili kutoka jikoni,
na karatasi ya maabara niliyoikunja mara nne
kana kwamba kukunja kutapunguza tarakimu.

Anamenya gimbi. Hanitazami.
"Sema, Gildas. Kisu changu kina kazi."

Nje, hapa Basse-Pointe, mlima umejifunika shuka la wingu
na migomba inateremka safu kwa safu hadi baharini.
Safu hizo alizipita akiwa na miaka kumi na tisa,
ndoo kiunoni, kijiko cha bati mkononi,
kijiko kimoja kwa kila shina:
unga mweupe, mwepesi,
wa kumuua fukusi anayetoboa vishina.
Glovu? Anacheka. Msimamizi ndiye aliyekuwa na glovu,
za kushikia usukani.
Saa sita walikula mkate kwa vidole vile vile.

Waliuita dawa.
Neno jema, dawa. Huingia nyumbani bila kupiga hodi.

Fukusi alikufa, akazaliwa mwingine.
Sheria ilikuja imechelewa, imevaa viatu safi.
Msimamizi alizikwa kwa tarumbeta.
Unga ukabaki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tulimpa jembe, tukampa na trekta,
na kila tulipolima alizidi kuzama kitandani,
akajivutia udongo hadi kidevuni.
Mvua haimwamshi. Jua halimfikii.
Vijidudu vinavyokula jani, mfupa, ubao wa jeneza,
humzunguka, hubisha, huondoka na njaa:
kaboni kumi zimejifungia kama chumba kisicho na mlango
na nje klorini kumi zinalinda, hazibadilishani zamu.

Namweleza asichoweza kula.
Gimbi la bondeni. Kiazi kikuu. Yai la kuku anayechakura.
Kamba wa mtoni, wale aliokuwa akiwavua na marehemu mumewe
kwa mtego wa mianzi, Ijumaa Kuu.
"Na ndizi?"
Ndizi ni salama, shangazi. Sumu haipandi hadi kwenye tunda.
Ndizi hupanda meli, huvuka, huliwa na watoto wa wengine
bila doa.
Kisu kinasimama.
Kisha kinaendelea, na maganda yanakuwa manene zaidi.

"Ataondoka lini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.
Nilikuwa na vipeperushi, nilikuwa na namba ya simu ya ofisi.
Nikamtazama Noélise, miaka minne, uani,
akimfukuza jogoo kwa kandambili iliyokatika,
nikaanza kuhesabu kwa vidole:
huyu mjukuu wako. Mtoto wake, kitukuu.
Kisha kilembwe. Kisha kilembwekeza.
Kisha kining'ina,
na hapo majina ya ukoo yakaniishia,
vidole vya mkono mmoja vimekwisha,
naye bado amelala palepale
chini ya kuku, hatua kumi na mbili kutoka jikoni.

Shangazi hakulia. Alifuta kisu kwenye aproni.
"Huo mfuko," akasema, "ni wangu?"
Ni wako.
"Basi uliazima. Karudishe."

Nikatoka. Shimo la Februari lilikuwa limeota nyasi pembeni.
Nikaumimina udongo taratibu, upepo ukauinua kidogo,
nikafunga mdomo.
Nilinawa bombani mara mbili, kwa sabuni,
na maji yakateremka mfereji yakijua njia,
kuelekea mtoni.